Mwalimu Jenoveva Wegesa, Aliyeshuka Ghalani na Kamba Moja

Ndugu jamaa, walimu na wanakijiji wa Juhudi, huyu tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 1975, ni dada yangu wa tumbo moja. Mimi ni Felisian Ryoba, seremala wa Mukendo, Musoma. Nimeagizwa niusome wasifu wake na niwape moyo. Wasifu ninao. Huo moyo wa kuwapa sijaupata.

Marehemu alizaliwa Butiama tarehe 8 Julai 1942, wakati wa mavuno, ndiyo maana akaitwa Wegesa. Jina la Jenoveva alilipata kwenye ubatizo. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Ryoba na mama yetu Shida, aliyekaa hapa mbele. Tangu utotoni kifua kilimbana. Moshi wa jikoni ulipozidi alikimbilia mlangoni, akavuta hewa kwa taabu, mabega yakipanda na kushuka, mama akimsugua mgongo. Dawa za kila aina zilijaribiwa. Mwishowe baba alimpeleka kwa shangazi Mugango, akitumaini upepo wa ziwani utamfaa. Ulimfaa kiasi, lakini pumu haikumwacha hadi mwisho.

Huko Mugango alianza shule mwaka 1950. Aliendelea na shule ya kati mjini Musoma, akikaa kwa ndugu zetu wa Mwisenge, kisha akaenda kusomea ualimu Mwanza. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961 alikuwa chuoni. Aliporudi likizo nilimwuliza Uhuru umemletea nini. Akasema, "Kaka, nimeonyeshwa picha ya mapafu. Sasa najua mahali ninapoumwa."

Alifundisha Butiama kuanzia 1963, baadaye Bunda. Watu walipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa mwaka jana alihama nao, akafundisha chini ya turubai mpaka madarasa yalipoezekwa. Somo lake lilikuwa sayansi. Alichomeka ua jeupe kwenye chupa ya wino, watoto wakashangaa kuona wino unapanda ndani ya bua mpaka ua likawa la buluu. Aliwafundisha kwamba jani lina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, hewa hupita humo na maji hutokea humo. Aliwafundisha pia kwamba punje ya nafaka, hata ikishavunwa, bado ni kitu hai. Inavuta hewa safi na kutoa hewa chafu kama sisi, na ikiwa mbichi ndiyo huzidi. Wazee walimtania sana kwa hilo. Stanislausi, mwenyekiti wa kijiji, alimwuliza mbele ya watu, "Mwalimu, hii mtama yangu inapumuaga na pua gani?" Akajibiwa, "Kama hiyo yako tu, mzee, ila yenyewe haina ugoro."

Mumewe, Florian, alikuwa mtunza ghala la pamba Bunda. Siku moja alifika shuleni kumfuata mpwa wake, akamkuta marehemu na bilauri ya maji ya chokaa. Akaambiwa apulize kwa mrija. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Florian aliondoka akiamini ana ugonjwa wa kifua, na kesho yake akarudi na shati la Jumapili kuuliza kama atapona. Marehemu alicheka mpaka akabanwa. "Kila anayepumua huyageuza hivyo," alimwambia. Florian aliendelea kurudi pale shuleni ingawa ugonjwa ulikuwa umekwisha. Walifunga ndoa kanisani Bunda tarehe 7 Mei 1966, wakajaliwa watoto wawili, Kwangu na Mhoja.

Sasa nafika kwenye kifo, na ningeweza ningeruka. Baada ya ile njaa ya mwaka jana, kijiji kilivuna mtama wa kwanza, na mvua ikaukuta uwanjani unapurwa. Ghala la kijiji ni shimo la saruji. Maghala ya nyumbani kwetu husukwa kwa fito, upepo ukapita, lakini shimo lile halipitishi kitu. Mfuniko ukasiribwa kwa samadi na majivu kuzuia wadudu, vile mama zetu walivyofanya siku zote. Marehemu alisema mtama haujakauka, utamaliza hewa yote mle ndani. Lakini wingu lilikuwa limetanda, na mtama wote ungeharibika, basi naye akajitwisha akasaidia kuuingiza. Aliacha agizo moja. Siku ya kufungua, taa iliyowashwa itangulie kuteremshwa, na ikizimika asishuke mtu.

Jumanne iliyopita, tarehe 14, akina mama walisubiri posho tangu asubuhi. Duka la ushirika halikuwa na mafuta ya taa. Florian, ambaye hapa kijijini pia ndiye mtunza ghala, alifungua mfuniko, akasema atachota debe moja tu wakati mafuta yanatafutwa. Alishuka ngazi, akaanguka. Watu wakasema ni nyoka. Stanislausi akachukua fimbo ashuke.

Marehemu alifika mbio kutoka darasani, tayari anakoroma kifua. Akamshika Stanislausi mkono. "Hakuna nyoka. Hewa ndiyo imekwisha. Asishuke mtu." Akachukua kamba ya maksai iliyokuwapo, ilikuwa moja. Stanislausi akamwambia ajifunge yeye. Akauliza, "Na yeye nimfunge na nini?" Alivuta pumzi kiasi kifua kile kilivyoweza, akashuka. Walimwona akimfunga mumewe kwapani na kuitikisa kamba. Wakavuta. Florian alipofika juu, na wao wanahangaika kumfungua, marehemu alikuwa ameshika ngazi. Walipotazama tena hakuwa ameishika.

Hakuna mtu aliyelijua shimo lile kama yeye, wala kifua chake kama yeye. Hilo ndilo linalonimaliza. Tangu juzi naambiwa, "Felisian, jipe moyo, ameokoa mume, ameokoa na Stanislausi." Ni kweli, na Stanislausi ninampenda. Lakini nilimtaka dada yangu, anigombeze kwa pombe yangu mpaka tuzeeke. Na ugali tutakaokula tukitoka makaburini ni wa mtama uleule, kwa sababu hatuna mwingine.

Ameacha mama, ameacha kaka, ameacha wanafunzi waliosimama pale nyuma. Ameacha Kwangu, mwenye miaka minane, na Mhoja, ambaye bado anamwita.

Ameacha mume, Florian, aliyelazwa hospitalini Musoma na anaendelea vizuri. Mpaka ninaposoma hapa hajui kwamba ni mgane. Daktari alitaka kwanza apate nguvu, nasi tukamdanganya kwamba mkewe anasimamia mtihani. Jana alinishika mkono akasema, "Shemeji, umwambie Mwalimu asinigombeze sana. Mafuta ya taa ilikuwa hakuna." Nikamwambia nitamfikishia. Tukishamaliza hapa ninarudi Musoma kumwambia, na sijui nitaanzaje.

Mungu ampokee Jenoveva Wegesa, alale kwa amani.