Fahali Aliyeitwa Sajini

Basi la Bungoma lilipotoka Kitale, mwaka ule wa 1954, Nekesa alijua safari itakuwa ya maneno. Wazee wawili wasiojuana, waliokaa mbele yake, walikuwa wakibishania vyuma vipya vya kukinga gari dhidi ya wanyama, vilivyofungwa mbele ya basi.

"Vinasaidia, bwana," alisema Kibiwott, aliyeendesha lori la mahindi miaka mingi. "Mimi niligonga punda bila chuma, rejeta ikapasuka, nikakaa porini siku mbili."

"Vinasaidia gari," akajibu Wabwile. "Zamani dereva alikuwa anasimama, anangoja niite fahali wangu kwa jina ndio atoke njiani. Sasa wako na chuma, hawangoji. Wangu nilimwita Sajini, nikitoka vita ya Bama, kupigana na Wajapani. Lori ilimpitia juu nikiwa bado namwita."

"Si angeharakisha kutoka?" akauliza Kibiwott.

Nekesa, binti wa wafugaji, hakuwahi kuona fahali mwenye haraka.

Karibu na Kamukuywa basi likasimama. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani. Dereva akazima injini. Nje, mchunga akaita jina moja taratibu, na fahali mkubwa akajivuta pembeni, wengine wakamfuata.

Wabwile aliinamisha uso. Kibiwott alimtazama fahali yule dirishani.

"Yule punda," akasema, "hata sikuuliza aliitwa nani."