Mzee Wenceslao Mangahas, Mpiga Tarumbeta Ambaye Hakuachwa Peke Yake

Baba Padre, ndugu, majirani, na ninyi vijana wa bendi mnaotota jasho ndani ya sare hizo: mimi ni Ludivina, dada mdogo wa marehemu, mkunga mstaafu. Wengi mliosimama hapa niliwapokea kwa mikono yangu, kwa hiyo mtanivumilia hata nikirefusha. Siku chache kabla ya kufariki, kaka alinishika mkono akaniambia kwa taabu, maana kiharusi kilikuwa kimemlegeza mdomo: "Luding, usiandike kwamba nilifika kwa jasho langu. Waambie ilivyokuwa." Nikamwahidi. Mwanawe mkubwa, Arnulfo, hakutaka kabisa, na tuligombana mkesha mzima juu ya karatasi hii. Tulivyomalizana mtasikia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 28 Septemba 1944, hapa hapa Santa Inez, Bulacan, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Eulogio Mangahas, mkulima wa mpunga, na Mama Sabina, aliyeuza suman, ule wali mtamu wa kufungwa kwenye majani. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Wenceslao, basi padre hakuhangaika kutafuta jina. Kaka alilalamika maisha yake yote kwamba angechelewa siku moja tu angeitwa Miguel kama watu wengine. Sisi tulimwita Islaw.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1957, akasoma sekondari miaka miwili, akaacha baba alipougua. Shule yake hasa ilikuwa nyuma ya kinu cha mpunga, kwa Maestro Hermogenes Valte, aliyewafundisha tarumbeta yeye na rafiki yake Cornelio Lacap. Nelio, mnamwona pale, mwenye shati la bluu. Usijifiche, Nelio! Wote wawili walipuliza mpaka midomo ikapasuka. Lakini Nelio ndiye aliyekuwa hodari. Nelio akipuliza, mama aliacha kufunga suman akasikiliza. Kaka akipuliza, mama alisema, "Islaw, mwanangu, kuku hawatagi."

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mwezi Mei 1963, kwenye sikukuu ya parokia, bendi yetu ilipambana na bendi ya ng'ambo ya mto. Mnajua mpambano ulivyo: bendi mbili zinatazamana uwanjani, hii inapiga wimbo, ile inajibu, na itakayoishiwa au kurudia wimbo imeshindwa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo bendi yetu ilikuwa imetoka kumzika Don Fulgencio, mwenye kinu. Karatasi za nota za mazishi zilikuwa bado zimebanwa kwenye tarumbeta, na kaka, kwa haraka zake, hakubadilisha. Saa kumi alasiri, zamu yetu, tarumbeta ya kwanza inatakiwa ianze peke yake na wimbo wa kuchangamsha watu. Kaka akavuta pumzi, akapuliza maombolezo.

Uwanja mzima, kimya! Halafu mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, nani tena kafa?" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nilitamani ardhi inimeze kwa ajili yake. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini akaendelea, kwa sababu hakujua namna ya kuacha.

Maestro Hermo, kiongozi wa bendi yetu, angeweza kumkatiza. Hakumkatiza. Aliinua fimbo yake akaiingiza bendi nzima, polepole, kana kwamba ndivyo walivyopanga tangu jana. Wanaume wakavua kofia kwa mazoea. Akina mama wakajifanyia ishara ya msalaba. Wimbo ulipokwisha, yule mzee akawageukia watu akasema bila kupepesa jicho: "Huo ni wa Don Fulgencio. Tusile sikukuu tukamsahau aliyetulisha." Uongo mtupu! Mungu amsamehe, na nadhani amekwisha msamehe. Mjane wa Don alilia, na mpwa wake, aliyekuja kuzika akabaki kula tambi za pansit, alikuwa kiongozi wa okestra ya hoteli kubwa Manila. Akamfuata Maestro. "Yule kijana mwenye roho ya kuanza vile, naomba uniachie."

Ndivyo kaka yangu alivyoanza. Mwaka ule ule akaenda Manila, mwaka 1966 Hong Kong, mwaka 1972 akawa na okestra yake, akazunguka kwenye meli kubwa nchi nisizoweza kuzitamka. Kazi aliifanya, tena kazi ya kuumiza mapafu. Ila mlango alifunguliwa.

Mwaka 1964, uwanja ule ule, Nelio alikuwa amehamia bendi ya ng'ambo. Naye akakosea kama kaka alivyokosea, akaanza wimbo usiokuwa wa zamu yake. Kiongozi wake akaisimamisha bendi, akamnyooshea fimbo mbele ya watu wote. Tulicheka siku tatu. Nelio akaitundika tarumbeta ukutani, akafuga bata. Anafuga mpaka leo.

Tarehe 26 Desemba 1970 marehemu alifunga ndoa na Pacita Enriquez katika kanisa hili. Alimchumbia kwa kupiga tarumbeta chini ya dirisha lake, na baba mkwe akammwagia ndoo ya maji ya kuoshea samaki. Pacita anasema alimkubali ili mtaa upate utulivu. Walijaliwa watoto wawili.

Alirudi nyumbani moja kwa moja mwaka 1981 akaanzisha bendi hii ya vijana. Bendi nyingine zinatucheka kwa sababu ya sheria yake: mtoto akipotea katikati ya wimbo, hakuna kumkazia macho, bendi nzima inamfuata huko huko alikopotelea, kisha inarudi naye. Tumepoteza mashindano mengi kwa sheria hiyo. Tumepeleka watoto wengi duniani pia.

Marehemu alipatwa na kiharusi Machi 2018. Alifariki Jumapili, tarehe 10 Februari 2019, alfajiri, nyumbani kwake, Pacita akiwa pembeni.

Mkeshani, watu wakiwa kwenye kahawa na karata, Arnulfo akasoma nilichoandika, akasimama. "Shangazi, mnamvua baba nguo mbele za watu. Alipuliza mpaka damu. Leo mseme kabahatisha?"

"Sijasema hakufanya kazi," nikamwambia. "Nasema Nelio naye alifanya."

"Nilimzidi," Nelio akadakia, biskuti mdomoni. "Baba yako alikuja kwangu kila Krismasi, tarumbeta mkononi, 'Nelio, twende kwenye bendi.' Kila Krismasi nilimfukuza."

"Kwa nini, mzee wangu?" Arnulfo akauliza.

"Wivu, mwanangu. Kwa nini kingine? Krismasi iliyopita ndipo nilipofungua mlango. Kumbe hata kusema anasema kwa taabu. Tukakaa uani, tunatazama bata. Nilitaka kumwambia kwamba kosa letu lilikuwa moja. Kumbe yeye alijua siku zote. Alikuwa analia."

Nelio naye akalia, mzee mzima, mbele ya wacheza karata. Arnulfo akamsogezea kikombe cha kahawa. Kisha akanirudishia karatasi. "Soma, shangazi. Ila damu ya midomo uiache humo." Nimeiacha.

Marehemu ameacha mjane, Pacita, watoto, Arnulfo na Cynthia, wakwe, wajukuu watano, kitukuu mmoja, mimi dada yake, wanafunzi wengi, na rafiki yake Cornelio Lacap, ambaye jina lake limeingizwa kwenye orodha hii na Arnulfo mwenyewe.

Tukimaliza hapa tunakwenda kaburini. Tarumbeta ya kwanza leo itaanzwa na Nelio. Ameomba mwenyewe. Hajagusa tarumbeta tangu mwaka 1964, meno yamebaki machache, na ameniambia ana hofu. Vijana wa bendi, atakosea. Mfuateni.

Kaka Islaw, pumzika, ndugu yangu. Tunakuja naye.