Hakuogopa Hata Siku Moja

Benchi la Fundi Saa lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo lilikuwa limebeba wanaume watatu. Ila aliyelemewa alikuwa Mama Kahawa, aliyesimama na birika lake. Mkononi alishika karatasi ya mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa anatunga kitabu cha watoto, hadithi za wanawake wa zamani waliopigania haki zao, na ukurasa mmoja ulikuwa wa marehemu mama yake Mama Kahawa, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mama Kahawa mwenyewe kusoma hajui. Alitakiwa tu atie dole gumba pale chini, kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, na karatasi ingefuatwa kabla ya saa nne, maana mpiga chapa anasubiri.

— Hebu nisomee tena pale mwisho.

Fundi Saa akaipokea karatasi, akabandika miwani.

— “Aliwaongoza wenzake kuweka beseni chini na kugoma, mpaka kila mfuaji aliyejifungua akapewa siku arobaini za kupumzika. Hakuogopa hata siku moja.”

— Si utie dole, mama! Unangoja nini?

Huyo alikuwa Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kukwepa mvua.

— Naogopa, Wakili.

— Unaogopa wino?

— Naogopa hayo maneno ya mwisho.

— Kweli kabisa, akadakia Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hana pa kumzimia. Ni machache mno! Mwalimu kambania marehemu. Mbona hakuandika bunduki?

— Bunduki gani?

— Alizosimama mbele yake! Kumi na mbili!

— Ishirini, akasema Wakili. Akawaambia askari, “Haya, fueni wenyewe!” Na wakafua.

— Mimi nilisikia hakulala siku tisa, akasema Fundi Saa. Wala hakupepesa jicho.

— Na mkubwa wa hospitali akaruka dirishani, kajifunga shuka bichi!

— Redio, wewe ulikuwepo?

— Nilikuwa tumboni, lakini nilisikia.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Mama Kahawa hakucheka. Yeye alikuwepo, mtoto wa miaka sita. Alikuwa akimwona mama yake alfajiri nyuma ya nyumba, kachuchumaa, anatapika, halafu anamnong’oneza: “Mwanangu, chungulia. Walinzi wapo getini?” Nao walikuwepo. Akisema hayo leo, mwalimu si atamtoa mama, amtie shujaa mwingine asiyetapika? Mama alishazikwa mara moja. Kumzika tena, kwa mkono wake mwenyewe? Lakini kutia dole kwenye uongo, nako...

— Shikamooni.

Msichana wa shule, miaka tisa hivi, soksi moja juu, moja chini.

— Marahaba, mjukuu.

— Mwalimu kanituma karatasi. Ile ya bibi mfuaji. Alitusomea darasani.

— Ngoja kidogo, akasema Mama Kahawa, na kidole chake kikavu bado.

Msichana akangoja. Akaiangalia karatasi, akawaangalia wazee.

— Babu zangu, naomba kuuliza. Choo chetu wasichana hakina mlango. Leo wenzangu wamenichagua nikamwambie mwalimu mkuu. Sasa huyu bibi hakuogopa. Mimi ninayeogopa, niende au nisiende?

Wakili akakohoa. Fundi Saa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Redio akainama kusawazisha tofali la benchi.

— Alikuwa anatapika, akasema Mama Kahawa.

— Nani?

— Mama yangu.

— We mama! Wakili akamnong’oneza kwa ukali. Utaharibu kitabu! Mwalimu atamtoa!

— Najua.

Mama Kahawa akaliweka birika chini.

— Una kalamu, mjukuu wangu? Kata huo mstari wa mwisho. Andika: kila alfajiri alitapika kwa hofu.

Msichana akapiga magoti, akaegemeza karatasi kwenye benchi, akaandika polepole, ulimi nje. Akainua uso.

— Halafu?

— Halafu akanawa uso, akaenda.