Harlan Tveit na Dakika Sita Nilizomzuia Kupanda

Ndugu waombolezaji, shemeji yangu Marlys amenipa mimi, Orrin, kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu, nami nimemwahidi kwamba sitaficha kitu.

Harlan Tveit alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949 katika shamba letu la ngano nje ya mji wa Rugby, North Dakota, mtoto wa kwanza wa Alvin na Solveig, nami nikamfuata miaka miwili baadaye, nikavaa nguo zilizokwisha kumbana na kusikiliza sifa zake kila Jumapili baada ya ibada.

Alimaliza sekondari mwaka 1967, akaenda Grand Forks kusomea urubani, kazi niliyoitamani kabla yake, lakini mimi nilikataliwa kwa sababu ya macho, nikawa mwongoza ndege, mtu wa kukaa mbele ya rada na kuwaambia wengine wapande lini.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa Marlys Engstad, ambaye mimi ndiye niliyemleta kwenye dansi walikokutana, wakajaliwa Kirsten mwaka 1979 na Nels mwaka 1982.

Tarehe 19 Julai 1989, mchana wa joto kali, aliruka na abiria 112 nikiwa zamuni, na ingawa sheria chini ya futi elfu kumi inaruhusu mwendo wa hadi maili 250 za baharini kwa saa, mimi nilimpunguzia hadi 210 na kumwamuru abaki futi elfu tano, ambako hewa ya moto kutoka mashambani ilikuwa ikiirusharusha ndege, akaomba kupanda mara mbili, nikamjibu kwamba juu yake kuna ndege nyingine, kumbe hapakuwa na kitu ila wivu wangu, nikamshikilia dakika sita, mhudumu wake akaanguka na kuvunjika mkono.

Jioni alinipigia simu.

"Anga lilikuwa tupu, Orrin, nimeliona mwenyewe. Ukiwa na neno na mimi, njoo nyumbani tugombane, watu waliokaa nyuma ya ndege waache."

Katika ripoti ya ajali hiyo aliandika kwamba sababu ni joto tu, nami nikamchukia zaidi kwa wema huo, nisikanyage kwake miaka minne. Mhudumu yule ni Bibi Paulette Kroeker, ameketi safu ya tatu, na ndiyo kwanza anasikia. Bibi Kroeker, naomba radhi.

Harlan alistaafu mwaka 2014, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho Machi 2021, nikawa nampeleka hospitali kila Jumanne, akafariki nyumbani tarehe 8 Oktoba, mkono mmoja nimeushika mimi, macho yake yakiwa kwa Marlys.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomaliza kuvuna soya shambani kwake, na marubani wenzake waliombeba leo. Kanisa limejaa hadi ngazi za nje, na Mungu anisamehe, nimewahesabu waliomjia.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mimi bado sijaipata.