Wakazi Wasio Binadamu

Fomu Na. 7B, Tathmini ya Nusu Mwaka ya Afya ya Kijito, Kipengele cha Nne: Wakazi Wasio Binadamu. Chini yake palikuwa na visanduku vitatu tu, Wengi, Wastani na Wachache, maana walioitunga hawakuwaza kwamba kijito kinaweza kuhamwa. Karani mstaafu, mwakilishi wa mtaa kwa mambo ya kijito, alikuwa ameijaza miaka sita bila kulowesha kiatu. Kila mara aliketi kwenye benchi nyuma ya kibanda cha kinyozi, kikombe cha kahawa mkononi, akasikiliza vyura wakibishana bondeni, kisha akaweka alama kwenye Wengi. Safari hii alama na sahihi alivitia asubuhi, kwa mazoea tu. Fomu ikisomeka Wengi, maji hayapelekwi maabara. Jumatatu yangefunguliwa moja kwa moja kwenye tangi la zahanati, na zahanati hiyo ndiyo bintiye, mwenye mimba ya miezi tisa, alikokuwa ajifungulie. Kilichobaki ni kumkabidhi mpimaji mpya karatasi. Lakini mpimaji huyo, binti mwenye wavu na beseni jeupe, aliomba kwanza ashuke kijitoni. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

— Saa nzima yuko kule anapindua mawe, alisema Kinyozi jioni hiyo, wakiwa benchini. Ofisi imekosa kazi.

— Anatafuta wadudu, akajibu Karani.

— Wadudu, kwenye maji yale? Mzee, ukiingia unaziona hadi kucha zako. Hata mbu wamekoma. Siku hizi mteja namnyoa jioni, hajikuni.

— Yametakata mno, alidakia fundi saa, aliyeitwa Dakika Mbili kwa sababu ya ahadi anazowapa wateja. Mimi yananitia wasiwasi.

— Wasiwasi wa nini? Acha yajitengeneze. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta si ndiyo maendeleo?

— Methali hiyo haiendi hivyo.

— Inaenda inakotaka. Wewe saa zako zinaenda?

Karani alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Dakika Mbili alikuwa ameinamisha kichwa.

— Mmeyaona majani? aliuliza. Yale yaliyoanguka kiangazi kilichopita. Yamelala chini ya maji, mazima, kama yamepigwa pasi. Hayajaoza hata moja.

— Uongo huo.

— Na kuku wa mke wangu aliyetumbukia mwezi uliopita. Amekwama chini ya daraja. Manyoya yote anayo. Jicho wazi. Nikipita, ananitazama.

— Mbona hasemi kitu?

— Kinyozi, sitanii.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu. Pengine anajiandaa kutaga.

Dakika Mbili akasogea karibu, akashusha sauti kama vile bondeni kuna wa kumsikia.

— Mnataka kujua ninavyoona? Yale si maji. Maji yenyewe yalikwisha kuondoka, yakaacha umbo lao lishike nafasi. Kama kule ofisini kwako zamani, mzee: koti liko kitini, mwenyewe hayupo.

Karani alilijua koti hilo. Lilikuwa lake. Akataka kujibu, lakini mpimaji alikuwa anapanda ukingo, suruali imelowa hadi magotini. Akaliweka beseni juu ya benchi, katikati ya vikombe.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, alisema Karani. Umepata wangapi?

Wakainama wote. Ndani ya beseni mlikuwa na maji, chembe chache za mchanga, na nyuso zao watatu zikiwatazama kutoka chini.

— Nimepindua mawe arobaini, alisema mpimaji. Sikupata hata konokono. Hata kiluwiluwi. Kuku nimemwona.

Kinyozi akaweka kikombe chini taratibu.

— Naomba niwaulize, wazee. Nyinyi mko hapa kila jioni. Mara ya mwisho kumsikia chura ilikuwa lini?

Kinyozi akamgeukia Karani, mtu wa kumbukumbu na majalada. Karani akatega sikio. Chini kule maji yalipita juu ya mawe, yakapita tena, kama mtu anayetembea peke yake ndani ya nyumba iliyohamwa. Akatafuta mwezi, akatafuta msimu. Hakupata. Jioni zote hizo alikuwa amesikia alichozoea kusikia.

— Fomu iko tayari, baba? mpimaji aliuliza.

— Bado, alisema Karani, na huku fomu imo mfukoni mwake.

Akaitoa, akaikunjua gotini. Akaikata alama ya Wengi pamoja na sahihi yake kwa mistari miwili. Chini ya Wachache akachora kisanduku cha nne, akaandika ndani yake: Hakuna. Kisha akamwambia Kinyozi amkimbilie bintiye, amwambie afungashe nguo usiku uleule.

Maji yalipelekwa maabara. Upande wa juu wa kijito, karakana ya betri chakavu ilikuwa ikimwaga tindikali kwa miezi saba. Tangi halikufunguliwa. Binti wa Karani alijifungua Jumatano katika zahanati nyingine, mwendo wa saa mbili kwa basi, mtoto wa kike, mzima.