Mado Anajifunza Kijapani Kabla ya Jumapili

Sisi wa benchi la Mama Germaine, hapa mtaani Annexe, kazi yetu ya asubuhi ni kunywa kahawa na kuharibu habari za watu. Mama Germaine anauza kahawa ya thermos na beignets, yale maandazi ya mviringo, za moto. Papa Anaclet, mwalimu mstaafu tunayemwita Grammaire, ana upande wake wa benchi na ole wake atakayeukalia. Guelord tunamwita Volant, yaani Usukani, kwa sababu ya teksi yake iliyotumika kwanza Japani, usukani kuume, anayojivunia kama vile aliiunda mwenyewe. Halafu yuko Ya Mado, yaani dada Mado, muuza vitenge. Baba yake ni Mjapani, alikuja zamani kufanya kazi mgodini, akampenda mama yake Mado, akarudi Japani wakati Mado akiwa bado anabebwa mgongoni. Leo Mado ana mvi. Tangu mwaka jana anajifunza Kijapani peke yake. Amebandika vikaratasi vya maandishi yao kwenye vitenge vyote sokoni, wateja wanadhani ni bei. Na wiki hii yule mzee amepatikana, hai, na amekubali kuongea naye kwa simu Jumapili. Sharti lake ni moja tu: wawe wawili, pasiwe na mkalimani.

Asubuhi hiyo Mado alikuja na écouteurs masikioni, midomo inatembea, beignet imepoa mkononi.

— Ya Mado, toa ile bintu mu masikio, ukunywe kahawa, Mama Germaine akasema.

— Niache, Mama Germaine. Niko narudilia.

— Unarudilia nini?

— "Ni miye Mado. Miye mutoto yako." Ku Kijapani.

— Sema basi, tusikie.

Akasema. Wote tukapiga makofi kwa heshima, kwa kuwa hakuna aliyeelewa hata kidogo.

— Accent iko muzuri, Grammaire akasema, utafikiri amekulia Tokyo. Lakini méthode njo mubaya. Ile aplikasyo ya mu simu yako, jana ilikufundisha nini?

— "Paka anakula tunda ya pomme."

— Voilà! Utaenda kuambia papa yako paka anakula pomme? Luga inaanzaka na verbe, kitenzi. Verbe tu, miaka mbili, kinywa ifungwe. Halafu njo unaongea. Bapadri balitufundishaka Kilatini vile.

— Na ile Kilatini unaongeaka na nani? Volant akauliza.

Grammaire akarudi kwenye kikombe chake.

— Ya Mado, Volant akaendelea, acha simu. Kuya mu motokari yangu. Kila asubuhi nikiwasha, kuko mwanamuke mu tableau de bord, pale mbele ya usukani, anaongea Kijapani ya kweli. Ule alizaliwa kule!

— Nilishamusikia. Anasema kadi haiko ndani.

— Kadi gani?

— Ya kulipia barabara za kwabo. Kila siku anakuomba ile kadi.

Volant akaweka kikombe chini. Miaka yote aliamini anasalimiwa.

— Na miye namujibuka "bonjour, mama"!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Volant hakupenda, na mtu akiaibishwa ndipo anapotoa mawazo makubwa.

— Sawa. Basi twende kwa Bachinois ba ku fonderie, kule banayeyusha shaba. Bachinois na Bajapani ni jirani, banasikilizana tu, kama siye na Bazambia.

— Hapana, Mama Germaine akasema. Shida iko mu ulimi. Ulimi ya kukula bukari, ile ugali yetu, iko nzito. Akule muchele tu mpaka Jumapili, na samaki bila kupika. Usiku alale na écouteurs, aombe kwanza Roho Mutakatifu. Batume ku Pentekoste, balisoma aplikasyo gani?

— Samaki ya Kasenga, ya safari yote ile, bila kupika? Volant akasema. Jumapili ule papa atamupigia ku hopitali!

Mado naye alicheka. Halafu kicheko kikamwishia ghafla, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

— Munacheka, akasema. Miye sitafuti Kijapani yote. Natafuta ya dakika moja tu. Nimuite, asikie, ajue ni miye. Tangu butoto niko naita papa za bantu bengine. Papa Anaclet, papa kiongozi wa kanisa, papa mukubwa wa soko. Ya kwangu sijamuita hata mara moja.

Hata Grammaire alisahau verbe.

Wakati huo alikuwa amesimama mama mmoja kijana na chupa yake, anasubiri kununua kahawa. Bénie, jina lake, amehamia juzi kutoka Kipushi, kwenye kiwanja cha jirani.

— Pardon, mama, akasema. Nimesikia bila kutaka. Ule papa yako na mama yako, balikuwa banasikilizana na luga gani?

— Na Kifransa, Volant akajibu haraka.

— Mama hakuyuaka Kifransa, Mado akasema.

— Basi Kijapani? Volant akasema.

— Mama? Hata neno moja.

— Sasa kama banapendana, kama banagombana, banaongea na luga gani? Bénie akauliza tena, bila ubaya wowote.

Mado akatoa écouteurs masikioni, polepole. Mama yake amekwisha kuzikwa. Alipokuwa hai Mado alimuuliza jina la yule mwanaume, sura yake, sababu ya kuondoka. Hilo hakumuuliza.

— Siyui, akasema. Njo Swahili, labda. Mama alikuwa na Swahili tu.

Akatazama simu mkononi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kwa lugha yetu hii ya kila siku:

— Papa, ni miye Mado. Ule mutoto wa mugongo.

Akatugeukia.

— Mungesikia vile, mungeitika?

Mama Germaine alijishughulisha na kifuniko cha thermos.

— Miye ningeitika, mwana, Grammaire akasema. Lakini miye siko ule papa yako.

Mado akatikisa kichwa kwamba amesikia, akarudisha écouteurs masikioni, midomo ikaanza tena kutembea.