Gauni la Kupimwa kwa Macho

Basini, kiti cha mbele yangu, mama aliyekuwa akienda kumpokea mwanawe aliyekuwa akifunguliwa gerezani siku hiyo alimwonyesha fundi cherehani aliyekaa naye gauni alilovaa. "Kalishona humo gerezani. Hawaruhusiwi kutugusa, kwa hiyo kanipima kwa macho tu. Mungu ambariki mwalimu wao wa ushonaji."

"Mkono mmoja umezidi," fundi alisema. "Na mwizi ukimfundisha, unamnoa."

"Basi mnoe wewe, baba. Mpe kazi."

Fundi akalikagua pindo kama daktari. Marehemu kaka yangu alitoka gereza hilo hilo bila kujua hata kushika sindano. Nikamshukuru mwalimu yule moyoni.

Basi likasimama, mama akashuka. Fundi akachungulia dirishani. "Aje Jumatatu tuone! Lakini mkasi wangu hataushika!"

"Atakata kwa meno, baba!" mama alijibu, akicheka kuelekea langoni mwa gereza.